Kutoka Kisolo hadi Catan: Msamiati wa Michezo ya Mbinu kwa Msomaji wa Katanga

1. Utangulizi

Kapolowe iko kando ya reli na barabara kuu inayounganisha Lubumbashi na Likasi, katika mkoa wa Haut-Katanga. Mji huo mdogo unajulikana kwa samaki wa ziwa Tshangalele, ziwa lililotokana na bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira, ambalo mitambo yake ya umeme ilianza kazi mwaka 1930. Mgeni anayefika huko saa za jioni hana haja ya kutafuta mbali ili aone watu wakicheza. Wawili huketi wakielekeana, ubao wa dama katikati yao, na vifuniko vya chupa ndivyo askari wa kila upande: vilivyolala kifudifudi ni vya mmoja, vilivyolala chali ni vya mwingine. Pembeni, wengine hucheza karata au ludo. Hiyo ndiyo michezo iliyozoeleka majumbani, na kwa watu wengi habari ya michezo ya ubao huanzia hapo na kuishia hapo.

Hata hivyo, ipo michezo mingine ya pande mbili ambayo haitajwi sana. Upande mmoja kuna kisolo, mchezo wa mashimo na mbegu ambao ni wa kale kuliko dama katika nchi hii. Upande wa pili kuna michezo mipya ya mbinu iliyochipuka Ulaya, hasa Ujerumani, na kuenea duniani tangu miaka ya 1990. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pande hizo mbili zinakaribiana kuliko inavyodhaniwa, na kwamba msemaji wa Kiswahili anayejua msamiati wa michezo ya mashimo ana ufunguo wa kuielewa michezo mipya, wa kuifundisha, na hata wa kuihukumu.

Hoja hiyo si ya burudani tu. Mchezo unapoachwa, maneno yake huachwa pamoja nao. Na maneno ya kupanga, ya kuweka akiba, ya kusubiri na ya kushambulia si maneno ya kuchezea. Kwa sababu hiyo ni vema kuanza na neno lenyewe.

2. Neno kisolo na jamaa zake

Kisolo ni jina la mchezo wa mashimo miongoni mwa Waluba, Walulua na Wasongye. Katika umbo lake mojawapo linalojulikana sana, ubao wake una safu nne zenye mashimo saba kila moja, na kila mchezaji anamiliki safu mbili zilizo upande wake. Asiye na ubao wa mti huchimba mashimo ardhini, na asiye na mbegu hutumia vijiwe.

Jina hilo halikai peke yake. Nchini Zambia, Waila na Watonga husema chisolo. Nchini Tanzania, Wasukuma husema isolo. Nchini Zimbabwe, Washona husema tsoro. Nchini Rwanda mchezo wa aina hiyo, wenye mashimo 32 na mbegu 64, huitwa igisoro. Mwanaisimu akiyapanga maneno hayo pamoja, ataona upesi kwamba mzizi ni mmoja na tofauti zake hufuata kanuni. Sauti l ya lugha moja hulingana na r ya lugha nyingine. Kiambishi ki- cha Kiluba ni chi- katika Kitonga. Ama gi- ya Kinyarwanda, hiyo ni ki- ile ile iliyobadilika kwa sababu inafuatwa na konsonanti isiyo ghuna, yaani s. Wanaisimu huita mabadiliko hayo Sheria ya Dahl. Irabu i- inayotangulia ni ya kawaida mbele ya nomino za lugha hiyo.

Mtawanyiko huo una maana yake. Katika karne ya 19, Msiri na watu wake walitoka Usumbwa, magharibi mwa Tanzania ya leo, wakajenga utawala wao Bunkeya, si mbali na Likasi. Mtu angeweza kudhani kwamba neno liliingia Katanga katika mizigo ya misafara hiyo. Lakini neno linalopatikana kutoka Rwanda hadi Zimbabwe, na katika kila lugha likiwa limevaa sauti za lugha hiyo, haliwezi kuwa mgeni wa juzi. Ni mali ya zamani ya lugha za Kibantu.

Kwamba mchezo huo haukuwa wa watoto tu, ushahidi upo hata kwa majirani wa Kasai. Sanamu ya mfalme wa Wakuba, Shyaam aMbul aNgoong, anayekumbukwa tangu karne ya 17 kuwa mwenye hekima na mwanzilishi wa ufundi mwingi, ilichongwa ikiwa na ubao wa mashimo mbele yake. Emil Torday aliichukua katika safari yake ya Kongo, na tangu 1909 imo katika jumba la makumbusho la British Museum, London. Wafalme wa Kuba kila mmoja huchongwa na alama inayomtambulisha. Alama ya huyu ni ubao wa mchezo.

Katika eneo la Likasi jamaa za neno hilo zilikutana upya kwa sababu ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliajiri watu kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na katika miaka ya 1920 kutoka Ruanda-Urundi. Basi wenye kusema kisolo, wenye kusema chisolo na wenye kusema igisoro wakawa majirani katika kambi za wafanyakazi, na lugha yao ya pamoja ikawa Kiswahili. Jambo hilo linaleta swali la haki: je, Kiswahili chenyewe kina maneno gani ya kuuelezea mchezo huo?

3. Bao na hazina yake ya maneno

Jibu linapatikana pwani. Zanzibar, Lamu, Mombasa na sehemu nyingi za Tanzania huchezwa bao, na lile lenye kanuni ngumu zaidi huitwa bao la Kiswahili. Ubao wake una safu nne za mashimo manane, jumla 32, na kete zake ni 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, aliyechunguza uchezaji wa mabingwa wa Zanzibar, alichapisha kitabu juu yao mwaka 1995, na tangu hapo bao limekuwa mfano unaotajwa na wataalamu wa akili ya mwanadamu pamoja na sataranji.

Mchezo una sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni kunamua. Mwanzoni kila mchezaji anazo kete 10 tu ubaoni: sita katika shimo maalumu liitwalo nyumba, na mbilimbili katika mashimo mawili yanayofuata. Kete 22 zilizobaki ziko ghalani, yaani mkononi au pembeni. Kila zamu mchezaji hutoa kete moja ghalani na kuitia ubaoni. Katika lugha ya kila siku, kunamua ni kukitoa kitu kilichonaswa. Na hakika kete hizo ni kama zilizonaswa ghalani, zikingoja kuachiwa.

Sehemu ya pili ni mtaji. Ghala likiisha, mchezaji hucheza kwa kete zilizomo ubaoni peke yake. Huchota kete zote za shimo moja na kuzisambaza moja moja katika mashimo yanayofuata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, na shimo la adui linalolielekea nalo lina kete, mchezaji anakula: huchukua kete hizo za adui na kuzisambaza upande wake kuanzia kwenye kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kushoto au kulia. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu imelala. Asiye na njia ya kula hutakata, yaani husambaza kete zake pasipo kula chochote. Na kete ya mwisho ikifikia nyumba wakati wa kunamua, mchezaji ana hiari: ama alale hapo na kuitunza akiba yake, ama aende safari, yaani aichote nyumba nzima na kuisambaza. Anayemalizwa kete za safu yake ya mbele, au anayekosa mchezo wa kucheza, ameshindwa.

Mambo matatu yanafaa kuzingatiwa hapa. Kwanza, hakuna dadu. Bahati haina kiti katika bao. Aliyeshindwa hana wa kumlaumu. Pili, kete hazitoki ubaoni. Katika dama, askari aliyeliwa huondolewa. Katika bao, kete iliyoliwa hubadili upande na kumtumikia aliyeila. Kwa hiyo mali haipotei bali huhama, na aliyekuwa tajiri dakika moja iliyopita anaweza kuwa maskini. Tatu, maneno yenyewe ni ya uchumi wa nyumbani: ghala, nyumba, mtaji, safari. Mtaji hasa ni neno la kutazamwa. Mfanyabiashara wa samaki wa Kapolowe akisema hana mtaji, anamaanisha hana fedha za kuanzia. Mchezaji wa bao akisema ana mtaji, anamaanisha ana shimo ambalo akilichota litamletea faida. Maana hizo mbili ni moja: kidogo kilichowekwa mahali pake ili kilete kingi.

4. Michezo mipya ya Ulaya

Nchini Ujerumani, michezo ya ubao huchezwa na watu wazima pamoja na watoto, na tangu mwaka 1979 hutolewa tuzo ya Mchezo wa Mwaka, Spiel des Jahres. Mwaka 1995 tuzo hiyo ilipewa mchezo uliotungwa na fundi wa meno bandia, Klaus Teuber, aliyefariki mwaka 2023. Mchezo huo, ambao leo huitwa Catan, umeuzwa kwa mamilioni katika lugha nyingi, na ndio ulioifungulia njia michezo mingi ya aina yake.

Ili kuona upya wake, inafaa kukumbuka mchezo unaojulikana zaidi wa zamani, yaani Monopoly, uliouzwa na kampuni ya Parker Brothers tangu 1935. Katika Monopoly, mchezaji hurusha dadu na kwenda zinakompeleka. Anayefilisika hutoka na kuwatazama wenzake. Watunzi wa michezo mipya walikataa mambo hayo mawili. Walitaka uamuzi uwe na nguvu kuliko bahati, na walitaka kila mchezaji abaki mezani hadi mwisho.

Catan huchezwa juu ya kisiwa kilichopangwa kwa vigae 19 vyenye pembe sita. Vigae hivyo ni misitu, malisho, mashamba, vilima vya udongo na milima, pamoja na jangwa moja. Misitu hutoa mbao, malisho hutoa sufu, mashamba hutoa nafaka, vilima hutoa matofali, na milima hutoa madini. Kila kigae, isipokuwa jangwa, huwekewa namba. Katika zamu, dadu mbili hurushwa, na vigae vyenye namba iliyotoka huwazalia mali wenye nyumba pembeni mwake.

Je, dadu hizo hazirudishi bahati? Zinairudisha, lakini zikiwa zimefungwa kamba. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka. Namba 6 ina njia tano, na namba 8 ina njia tano; namba 2 ina njia moja tu, na 12 vilevile. Namba 7, yenye njia sita, haizai kitu bali humleta mnyang'anyi. Kwa hiyo anayejenga nyumba penye 6 au 8 hajui lini atavuna, lakini anajua kwamba atavuna mara nyingi kuliko aliyejenga penye 2. Ni sawa na mvuvi wa Tshangalele: hawezi kuiamuru nyavu, ila anajua pa kuitega.

Sasa maneno ya bao yaanze kazi. Mwanzoni mwa Catan kila mchezaji huweka nyumba mbili na njia mbili, kwa zamu, kabla ya chochote kuzaa. Hiyo ni sehemu ya kutoa vipande ghalani na kuvipa mahali, na mchezaji wa bao ataitambua kuwa ni kunamua: kosa la hapo hulipwa hadi mwisho. Kisha huja sehemu ya mtaji, ambapo kilichowekwa ndicho kinachozaa. Nyumba huhesabiwa alama moja. Kwa madini matatu na nafaka mbili, nyumba hukua ikawa mji wenye alama mbili na mavuno maradufu. Anayefikisha alama 10 kwanza ameshinda. Msomaji wa Likasi hahitaji kuelezwa sana namna mji unavyojengwa kwa madini, wala kwamba madini bila nafaka hayajengi kitu, kwa kuwa wachimbaji lazima wale.

Hata hivyo, ulinganisho una mpaka wake. Katika Catan hakuna kula. Mahali pake pamechukuliwa na mabadilishano: mwenye sufu nyingi na asiye na matofali humwomba mwenzake wapatane. Meza hugeuka soko, na mchezaji asiyejua kupatana hushindwa hata kama nyumba zake ni nzuri. Msamiati wa bao hautoshi hapo. Lakini msamiati wa sokoni upo, na Kiswahili hakijawahi kupungukiwa nao.

Mfano wa pili ni Pandemic, uliotungwa na Mmarekani Matt Leacock na kutolewa mwaka 2008. Ubao wake ni ramani ya dunia yenye miji 48, na magonjwa manne yanaenea ndani yake. Kinshasa ni mmojawapo wa miji hiyo, pamoja na Lagos, Khartoum na Johannesburg. Wachezaji wote wako upande mmoja: mmoja ni tabibu, mwingine ni mwanasayansi, na kila mmoja ana uwezo wake. Mji wenye vipande vitatu vya ugonjwa ukiongezewa cha nne, ugonjwa hulipuka na kumwagikia miji ya jirani. Wakipata dawa zote nne, wote wameshinda. Wakichelewa, wote wameshindwa. Kwa nchi ambayo Ebola ilitambuliwa mara ya kwanza kule Yambuku mwaka 1976, mchezo kama huo una mafunzo yanayoeleweka bila mkalimani: kwamba kukimbilia mji unaowaka na kusahau ule unaofuka moshi ni njia ya kuipoteza yote miwili.

5. Mashimo yanarudi

Kufikia hapa mtu anaweza kusema kwamba maneno ya bao yamevutwa kwa nguvu hadi Ulaya. Lakini baadhi ya watunzi wa Ulaya wenyewe waliuendea mchezo wa mashimo na kuuchukua waziwazi.

Mwaka 2011 Mjerumani Stefan Feld alitoa mchezo uitwao Trajan, wenye habari za Roma ya kale. Kila mchezaji ana duara la mashimo sita mbele yake, lenye vipande 12 vya rangi mbalimbali. Katika zamu huchota vipande vyote vya shimo moja na kuvisambaza kimoja kimoja. Shimo kinapolala kipande cha mwisho ndilo linaloamua kazi atakayoifanya: kwenda sokoni, bandarini, bungeni au vitani. Mchezaji wa kisolo atashangaa kuona kusambaza kwa mbegu, jambo alilolijua tangu utotoni, kumekuwa njia ya kuchagua kazi ya siku.

Mwaka 2014 Mfaransa Bruno Cathala alitoa Five Tribes, yaani makabila matano. Ubao wake ni vigae 30, na kila kigae huanza na vipande vitatu vyenye umbo la mtu, jumla 90, vya rangi tano vilivyochanganywa. Mchezaji huchota vipande vyote vya kigae kimoja na kuviacha kimoja kimoja katika vigae vya jirani, akifuata njia aipendayo. Sharti lake ni hili: kigae cha mwisho lazima kiwe tayari na kipande cha rangi ile ile ya kile kinachowekwa mwisho. Hapo huchukua vyote vya rangi hiyo na kupata faida ya kabila hilo. Kigae kikibaki kitupu, huwa mali yake. Mchezaji wa bao atatambua mara moja sheria ya kula: kete ya mwisho isikute shimo tupu. Kilicho kipya ni rangi, na kwamba njia si moja bali hupindika. Kilicho cha kale ni kuhesabu kabla ya kunyoosha mkono.

Hapa ndipo faida ya msamiati inapoonekana wazi. Mwalimu anayeufundisha mchezo huo kwa Kiswahili hana sababu ya kutunga maneno. Chota, sambaza, kula, kulala: hayo yapo. Akiyaacha na kuchukua ya Kifaransa, mwanafunzi wa Kapolowe ataamini kwamba anajifunza kitu cha kigeni, kumbe anarudishiwa cha babu yake.

6. Ubao na historia

Kuna tofauti moja kubwa kati ya michezo ya mashimo na michezo mipya, nayo ni hadithi. Kisolo hakisimulii kitu: kete ni kete. Michezo mipya huvalishwa kisa, yaani mahali, zama na watu. Kwa hiyo kila mchezo mpya una mambo mawili ya kutenganishwa: mwendo wake na kisa chake. Mwendo unaweza kuwa mzuri na kisa kibaya.

Mfano wa karibu ni mchezo uitwao Mombasa, uliotungwa na Alexander Pfister wa Austria na kutolewa mwaka 2015. Ubao wake ni ramani ya Afrika. Kampuni nne, zenye makao Mombasa, Cape Town, Saint-Louis na Kairo, hutandaza vituo vyao vya biashara barani, na wachezaji hununua hisa, hutafuta kahawa, pamba, ndizi na almasi, na kuandika vitabu vya hesabu. Mwenye jumla kubwa ya fedha mwishoni hushinda. Wapenzi wa michezo waliusifu sana kwa ufundi wa mwendo wake.

Lakini ramani hiyo ikiwekwa mezani Likasi, mambo hubadilika. Katanga haikuzijua kampuni za mkataba katika michezo. Compagnie du Katanga iliundwa mwaka 1891, mwaka ule ule Msiri alipouawa. Comité Spécial du Katanga iliundwa mwaka 1900 na kuitawala nchi hii kwa miaka kumi. Kisha Union Minière ikachimba hadi ilipotaifishwa mwaka 1967. Katika ubao wa Mombasa vituo hutandazwa juu ya nchi tupu. Waliokuwa wakiishi humo hawana kete. Mzee wa Kapolowe aliyelelewa katika kambi ya wafanyakazi angeuliza swali moja tu: sisi tuko shimo gani?

Ni haki kusema kwamba swali hilo limeanza kusikika hata kwa watengenezaji. Toleo la kwanza la Five Tribes lilikuwa na kadi za watumwa. Baada ya malalamiko, katika matoleo yaliyofuata nafasi yao ilichukuliwa na mafakiri, wala mwendo wa mchezo haukubadilika. Mchezo wa Puerto Rico, uliotungwa na Andreas Seyfarth mwaka 2002 juu ya mashamba ya enzi ya ukoloni, ulitolewa upya mwaka 2022 ukiwa umehamishiwa mwaka 1897, na wafanyakazi wake ni watu wa kuajiriwa. Na mwaka huo huo wa 2022, mwendo wa Mombasa ulirudi kwa jina la Skymines, kampuni zake zikichimba madini mwezini na katika mawe ya angani.

Badiliko hilo la mwisho linastahili kufikiriwa. Kuwapeleka wachimbaji mahali pasipo na watu ni njia ya kuliondoa kosa. Lakini pia ni njia ya kuiondoa Afrika mezani. Njia ya tatu ingekuwa kuwapa wenyeji kete zao, wapange, wakatae, wapatane. Mchezo wa namna hiyo kuhusu Katanga unangoja mtunzi, na hakuna sababu ya kumngoja atoke Ujerumani.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba michezo mipya ya mbinu, ijapokuwa imefungwa katika masanduku ya rangi na kuandikiwa kanuni kwa Kijerumani, Kifaransa au Kiingereza, imesimama juu ya mambo ambayo wachezaji wa kisolo na bao wameyajua siku nyingi: akiba ya ghala, uchaguzi kati ya kulala na kusafiri, mtaji unaozaa, na mbegu ya mwisho inayoamua yote. Yameonyesha vilevile kwamba Kiswahili kina maneno ya kuyaeleza mambo hayo, na kwamba anayejua mwendo wa mchezo anaweza kukihukumu kisa chake badala ya kukimeza.

Hata hivyo, maneno yaliyotumiwa hapa ni ya pwani. Kazi iliyobaki ni ya Katanga yenyewe. Msamiati wa kisolo kama unavyosemwa katika vijiji vya bonde la Lufira na katika kambi za zamani za Likasi unahitaji kukusanywa: jina la kila shimo, jina la mbegu, neno la kuchota, neno la kushinda, na maneno ya kumtania aliyeshindwa, ambayo mara nyingi ndiyo matamu kuliko yote. Inafaa kila neno liandikwe pamoja na lugha ya aliyelisema, ili ijulikane lipi ni la Kisanga, lipi ni la Kiluba, na lipi lilizaliwa katika Kiswahili cha migodini. Kazi hiyo ina haraka, kwa kuwa dama ya vifuniko huhitaji watu wawili tu ili ichezwe, lakini kamusi ya kisolo huhitaji wazee ambao bado wapo.

Shule nazo hazina haja ya kungoja sanduku kutoka ng'ambo. Safu nne za mashimo uwanjani na viganja vichache vya punje za mahindi hutosha kufundisha kuhesabu, kupanga na kuvumilia. Kisha siku sanduku litakapofika Kapolowe, likishushwa kwenye gari moshi pamoja na mizigo mingine, mtoto atakayelifungua atatazama vigae na vipande vyake, asikilize kanuni zikisomwa, na huenda akasema kwamba mchezo huu anaufahamu.